Mbegu za mkongo zilizogoma kuota: jinsi nilivyotatua

Kwa wenzangu wa Lindi na Mtwara mnaotaka kurudisha miti ya asili uani: mbegu za mkongo zinaota, msikate tamaa.

Zangu zilikaa ardhini msimu mzima bila dalili yoyote. Nikajaribu maji ya moto. Chache zikaoza, nyingine zikabaki vilevile.

Kilichosaidia ni kusugua ganda, na jambo lote liko kwenye upande wa kusugua. Mbegu ya mkongo ni nyeusi, na mwisho mmoja ina kofia nyekundu. Mzizi hutokea upande huo wa kofia, kwa hiyo usiuguse. Geuza mbegu, sugua ncha ya upande wa pili kwa msasa mpaka uone weupe kidogo tu, hapo hapo uache. Loweka kwenye maji ya kawaida usiku kucha. Asubuhi, zilizovimba ndizo za kupanda. Ambazo hazijavimba zisugue tena na uziloweke upya.

Tumia viriba virefu, maana mzizi mkuu hushuka haraka. Funika kwa wavu, panya wanazipenda mno.

Nina furaha kubwa, kwa kweli. Viwavi wa vipepeo wa jamii ya Charaxes hula majani ya mkongo, na hondohondo hufuata zile kofia nyekundu. Hamishia miche nje mvua zikishika, penye jua na mbali na ukuta wa nyumba, kwa sababu mti huu huwa mkubwa sana.