Rubani aliyeshuka chini

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa.

Sisi wa Magongo na Port Reitz ndege tumezizoea. Zinapita juu ya mapaa yetu zikishuka kuelekea uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa, na watoto hawainui hata vichwa. Wiki hii mimi nimeinua changu. Tarehe 31 Julai tunamkumbuka Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyekuwa askari, na tarehe hiyohiyo, mwaka 1992, alifariki askari mwingine ambaye maisha yake yamenikaa moyoni: Leonard Cheshire, rubani wa ndege za mabomu wa jeshi la anga la Uingereza.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliruka kwenda kupigana mara 100, na mwaka 1944 akatunukiwa Msalaba wa Viktoria, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa kwao. Lakini tusimame kwanza mjini Limoges, Ufaransa, Februari mwaka huohuo. Alitumwa kubomoa kiwanda kilichowatengenezea Wajerumani injini za ndege. Waliokuwa zamu usiku ule ni Wafaransa, mamia, wengi wao wanawake. Cheshire akaishusha ndege yake kubwa hadi ikakaribia kugusa mapaa, akapita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuangusha kitu, ili wasikie wakimbie. Kila alipogeuza kurudi alikuwa akiwapa walinzi nafasi nyingine ya kumlenga. Ndipo akaanza kazi aliyotumwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Agosti, alikuwa angani tena, safari hii akiwa shahidi wa serikali yake, bomu la atomiki lilipoangushwa Nagasaki. Lililipuka karibu na kanisa kuu la Urakami, kwenye mtaa wa Wakatoliki wenzetu. Tungependa kusikia kwamba baada ya hapo aliilaani vita. Hakuilaani. Hadi uzeeni alishikilia kwamba bomu lile lilikomesha vita na kuokoa wengi. Mimi hapo sikubaliani naye hata kidogo, na sitaficha. Ila naona Mungu hakungoja fikra zake zinyooke zote ndipo amtume.

Alipotoka jeshini alijaribu kuwakusanya askari wenzake waishi na kufanya kazi pamoja katika jumba moja kubwa huko Hampshire. Mpango ukavunjika, akabaki na jumba na madeni. Mwaka 1948 akapata habari kutoka hospitali: Arthur Dykes, mtu aliyewahi kuwatunza nguruwe pale kwake, ana saratani, hatapona, na hana pa kwenda. Cheshire akamtafutia mahali, akakosa. Akamchukua kwake. Pesa za kumwajiri muuguzi hakuwa nazo, kwa hiyo yule shujaa wa nishani zote zile akamwuguza mwenyewe kwa mikono yake. Arthur alikuwa Mkatoliki. Alifariki Agosti, na mkesha wa Krismasi wa mwaka huo Cheshire akapokewa katika Kanisa Katoliki. Wagonjwa wengine walikuwa wameshaanza kuja. Leo nyumba zenye jina lake ziko nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na zote chimbuko lake ni kitanda cha mtu mmoja.

Ndugu zangu, sisi kwa msiba hatushindwi. Mtu akifa mchana, usiku hauingii kabla hela za hema na viti hazijapatikana, na hilo ni jema. Lakini someni tena Mathayo 25. Bwana hakusema alikufa tukamchangia jeneza. Alisema alikuwa mgonjwa, tukaja kumtazama.

Yuko mzee wetu, mnamjua, aliyepigwa na kiharusi kabla ya Pasaka. Aliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kwa kuwa kitanda chake kilihitajika. Mkewe ndiye anayemwinua, anayemgeuza, peke yake, na mgongo umeanza kumlemea. Nimekwenda pale mara mbili. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, nikasali, nikawaachia sukari, nikaaga. Mkono wake sikuushika. Nikisoma habari za Limoges najiona mimi ndiye niliyepita juu, tena juu sana, mara zote mbili.

Jumamosi hii sala ya jumuiya itakuwa kwao, saa kumi jioni. Tusiwe wengi ndani, chumba ni kidogo. Wengine tukae barazani. Mama amesema mzee hapati shida na uji wa wimbi ukiwa mwepesi, basi atakayeweza alete. Naomba ndugu wawili wenye nguvu wabaki baada ya sala tumwogeshe na kumbadilishia shuka, ili mama alale usiku mmoja bila kuamka. Maji nitachemsha mimi.