Vumbi tunaloliona Dodoma na moshi usioonekana kwenye kipimo

Kuanzia mwezi Juni hadi mvua zinapoanza kunyesha karibu na Desemba, mkazi wa Dodoma hahitaji chombo chochote kumwambia kwamba hewa yake ina vumbi, kwa kuwa meza aliyoifuta asubuhi ataifuta tena jioni. Swali ambalo limenishughulisha tangu nilipofunga kipima hewa kidogo barazani kwangu huku Nkuhungu ni lingine: kati ya yote tunayovuta puani, chombo hiki kinapima nini hasa, na ni nini kinachopita mbele yake bila kuhesabiwa?

Chembe za hewani hugawanywa kwa kipenyo. Zinazofikia mikromita 10 huitwa PM10, zinazofikia mikromita 2.5 huitwa PM2.5, na zilizo chini ya mikromita 0.1, yaani nanomita 100, ndizo chembe ndogo mno. Vumbi la barabara zisizo na lami na la viwanja vya ujenzi, ambavyo vimekuwa vingi tangu Serikali ilipohamia huku, kwa sehemu kubwa ni chembe nene, na nyingi kati ya hizo hunaswa puani na kooni. Moshi wa dizeli, wa bodaboda, wa mkaa na wa taka zinazochomwa uani una chembe laini zaidi, zinazofika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Zilizo ndogo mno zinaweza hata kupenya na kuingia katika damu.

Njia inayotumika kama rejea ya kupima PM2.5 ni kupima uzito. Pampu huvuta hewa lita 16.7 kwa dakika, chembe nene hutolewa njiani kwa kushindwa kukata kona kali iliyomo ndani ya mdomo wa chombo, na zilizobaki hukusanywa kwenye kichujio kwa saa 24. Kwa mwendo huo, meta za ujazo 24 za hewa hupita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri wastani wa siku usizidi mikrogramu 15 kwa meta ya ujazo, kwa hiyo kichujio cha siku iliyo kwenye kikomo hicho kitakuwa kimebeba mikrogramu 360 tu, ambazo hazifiki hata nusu miligramu. Ndiyo maana kichujio hupimwa kabla na baada, katika chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa.

Kipima changu hakina uvumilivu wa namna hiyo. Ndani yake mna feni ndogo, mwanga wa leza na kihisi kinachopokea mwanga unaotawanywa na chembe, kisha programu hukadiria uzito kutokana na mwanga huo. Chembe zilizo chini ya takriban mikromita 0.3 hutawanya mwanga hafifu mno, kwa hiyo hazionekani, na zile nene mara nyingi hazifiki kwenye leza kwa wingi unaostahili. Matokeo yake ni ya ajabu kwa mtu anayeishi hapa: alasiri ya upepo, vumbi likiwa limefunika hata upande wa pili wa barabara, namba ya PM10 husogea kidogo tu, lakini jirani akiwasha jiko la mkaa namba hupanda papo hapo. Ukiamini skrini, utadhani upepo hauna hatia. (Hewa kavu yetu ina faida moja: unyevu unaovimbisha chembe na kuongeza namba isivyo halali hausumbui sana wakati wa kiangazi, ingawa asubuhi za masika ni habari nyingine.)

Kwa chembe ndogo mno, hata mizani bora haisaidii. Chembe moja ya mikromita 2.5 ina uzito sawa na chembe zaidi ya 15,000 za mikromita 0.1, endapo zote ni duara na za kitu kilekile, hivyo moshi wa basi unaweza kumwaga mamilioni ya chembe bila uzito kubadilika kwa kiasi cha kutajika. Hizo huhesabiwa moja moja. Chombo huzipitisha katika mvuke wa alkoholi au wa maji, mvuke ukaganda juu ya kila chembe kama umande, hadi inakuwa tone kubwa la kutosha kuonwa na leza. Shirika la Afya Duniani halijaziwekea kikomo, lakini limeeleza kwamba wastani wa siku ulio chini ya chembe 1,000 kwa sentimeta ya ujazo ni mdogo, na unaozidi 10,000 ni mkubwa.

Idadi hiyo hushuka haraka unaposogea mbali na barabara, kwa sababu chembe hutawanyika na kugandana, kwa hiyo chombo kimoja juu ya paa la ofisi hakiwezi kusemea mji mzima. Kama ningeulizwa, ningependekeza vipima vya bei nafuu viwekwe kwanza sambamba na kile cha kichujio, kiangazi na masika, kwa kuwa marekebisho yaliyokokotolewa katika mji wenye moshi mwingi na vumbi kidogo hayawezi kuazimwa hapa. Kihesabu cha kubeba mkononi ningekipeleka stendi ya Nanenane na soko la Majengo, kwenye usawa wa pua ya mama anayeuza chakula pale.