Muacheni Arch Manning acheze

Wadau wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, hili limenikaa rohoni. Nimeirudia ile mechi ya Agosti 30, 2025 kule Columbus. Texas, walioanza msimu wakiwa namba moja, walilala 14-7 mbele ya mabingwa watetezi Ohio State. Kwotabeki wao (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) Arch Manning alifikisha pasi 17 kati ya 30, na moja ikanaswa na wapinzani. Kundi letu la WhatsApp likawaka moto: "Kapambwa tu huyo!"

Mimi nawalaumu watangazaji. Miezi mizima kabla ya msimu, kijana akitajwa tu, utasikia habari za babu yake Archie, mara baba zake wadogo Peyton na Eli, wote makwotabeki maarufu wa zamani. Jamani, alikuwa ameanza mechi mbili tu za chuo! Ukoo hauzuii mabeki.

Tazameni robo ya tatu: jaribio la nne, yaani la mwisho kabla ya kupoteza mpira, imebaki yadi moja. Anajitosa mwenyewe katikati ya miili, safu ya Ohio State inamkatalia, na uwanja wenye watu zaidi ya 100,000 unalipuka. Hapo ndipo pa kuchambua: nani alishinda vita ya mstari wa mbele, na kwa nini mpira haukupewa mkimbiaji?

Oktoba 11, Texas wakaichapa Oklahoma 23-6, Arch akifikisha pasi 21 kati ya 27. Waliomzika mapema kundini, naomba mrudi tuzungumze mpira wenyewe.