Halb neun si saa tatu na nusu

Baridi niliijua. Kila aliyesikia habari ya safari yetu pale Tanga alinitajia baridi, na shangazi yangu akanifungia vitenge viwili vya kujitanda, utadhani kitenge kinazuia theluji. Habari ya saa hakuna aliyeniambia.

Tulitua Frankfurt, Ujerumani, mwezi wa Agosti, mimi na watoto wawili, kifungua mimba wa miaka saba na mdogo wake wa miaka mitatu. Baba yao alikuwa ametangulia mwaka mzima kwa masomo ya uzamivu. Ya ndegeni sina la kusimulia: mdogo alitapika, tukafika. Nilichokumbana nacho mwanzo ni choo cha stesheni. Euro moja! Nikapiga hesabu, karibu shilingi elfu tatu kwa haja ndogo, nikasema hapana, nikabana hadi tulipopanda treni, ambamo choo ni bure. Baba watoto alicheka. Alikuwa ameshazoea, nami sikupenda kuona ameshazoea.

Treni ya kwenda Leipzig ilichukua kama saa tatu, kisha tukapanda basi kwenda kamji kadogo tunakoishi, ambako Kiingereza changu hakikunifaa hata dukani. Humo ndani ya basi mkubwa alikuwa akisoma mabango ya barabarani kwa sauti. Ghafla akapiga kelele: "Mama, wameandika shule!" Bango lilisema Schule. Kumbe neno ni lao. Nikamwambia hata hela tunayoiita hela ilikuwa sarafu yao, heller, waliyoileta kwetu mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Akauliza, "Kwa hiyo Kijerumani tunakijua?" Nikamjibu tunajua maneno mawili. Kwa mwendo wa safari ndefu kama ile, niliona ni mtaji mzuri.

Miezi miwili iliyofuata nairuka. Niseme tu kwamba Jumapili maduka yanafungwa, na Jumapili ya kwanza tulikula mkate na ndizi kwa kutokujua. Kwamba muhogo upo, lakini umepakwa nta kama mshumaa, na kilo moja nilinunua kwa euro tano. Kwamba tulipata barua ya kudaiwa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, nasi nyumbani hatuna televisheni. Nikauliza tunalipia nini. Tunalipia kuwa na nyumba.

Sasa nije kwenye saa.

Viza za kuingilia zilikuwa za miezi mitatu, na kabla hazijaisha ilibidi twende ofisini kuombea kadi za ukaazi. Miadi ilipangwa kwa simu. Baba watoto aliongea mwenyewe, amesimama wima jikoni kama anaimba wimbo wa taifa, na mwisho akarudia kwa sauti ya ushindi: "Dienstag, halb neun. Danke!" Halb ni nusu. Neun ni tisa. Tisa kwa saa yetu ni saa tatu. Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ya mlango wa friji: Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi.

Jumanne tulivaa kama wa kwenda Idi. Tulifika saa tatu na dakika ishirini, na njiani baba watoto alikuwa ametuhutubia jinsi Wajerumani wanavyopenda mtu anayewahi. Mlango ukafunguka, akatokea mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akatutazama, akatazama karatasi yake, akasema kitu ambacho mimi nilikishika neno moja tu: halb neun.

"Ja," mume wangu akaitikia kwa furaha, "halb neun!" Akamwonyesha saa ya ukutani.

Yule mama naye akaonyesha saa ile ile. "Halb neun," akasema.

"Halb neun," mume wangu akasema.

Wakaendelea hivyo, wawili waliokubaliana kwa kila neno, kila mmoja akianza kumwonea mwenziwe huruma. Mkubwa akamvuta baba yake koti. "Baba, halb neun ni saa mbili na nusu."

"Nyamaza, wakubwa wanaongea."

Mama wa miwani hakujua Kiswahili, lakini alijua kumtambua aliyeelewa. Akamwita mtoto. Akageuza karatasi, akachora duara kwa penseli, akaweka namba, kisha akaanza kupaka kivuli polepole kuanzia juu, akashuka upande wa kulia hadi chini kwenye sita, akaacha hapo. Nusu nyeusi, nusu nyeupe. Akaongea, na mwanangu akafasiri akiwa hatutazami, macho kwenye penseli: "Anasema saa ya tisa inaanza pale ya nane inapotimia. Sasa imejaa nusu. Kama glasi."

Yaani nusu wanayoitaja ni ya saa inayokuja. Sisi tulikuwa tumechelewa karibu saa nzima.

Nilimtazama mume wangu. Mtu anayeandika kurasa mia tatu za utafiti alikuwa anatokwa jasho mwezi wa Novemba. Mkubwa akaongeza, bila ubaya, "Tumefundishwa shuleni. Mbona hamkuniuliza?"

Hakuna aliyetufokea. Tulipewa miadi mingine baada ya wiki saba, na ya kushikilia katikati tukapewa karatasi yenye jina refu, Fiktionsbescheinigung. Mkubwa aliponisaidia kulikatakata, kipande cha mwanzo kikawa ni neno lile lile wanaloitia hadithi ya kubuni. Basi kwa wiki saba tukawa familia ya kubuni, yenye muhuri, na ya kulipia.

Kwenye basi la kurudi nilitaka kuwacheka Wajerumani, nikamkumbuka mzungu wa stendi ya Tanga. Nilikuwa binti, nauza maandazi na mama. Mzungu alikata tiketi ya basi la saa kumi na mbili asubuhi, akatokea adhuhuri, jua la utosi, begi mgongoni, mtulivu kabisa. Basi lilikuwa limeondoka alfajiri. Alikuwa anaonyesha tiketi na saa yake ya mkononi, kumi na mbili na kumi na mbili, na sisi tulicheka hadi mama akaacha maandazi yakaungua. Hakuna aliyemchorea duara.

Nilidhani nimeshaelewa, hadi jirani wa chini, bibi mmoja anayetupa matufaa ya bustanini kwake, aliponikaribisha kahawa saa dreiviertel vier. Robo tatu ya nne! Nikakimbia kwa mwanangu. "Saa kumi kasorobo," akasema, anaendelea kula. Watu wa upande huu wa Ujerumani ndivyo wasemavyo, na mwalimu wa kozi yangu, mtu wa kutoka magharibi, ananiambia hata yeye humchanganya. Nikafika kwa wakati. Nilikuwa nafika kila mahali kwa wakati, kwa idhini ya mtoto wa miaka saba.

Hilo ndilo lililoniuma, si zile wiki. Dukani namtanguliza. Barua za shule ananisomea yeye, hata zile zinazomsema yeye. Siku moja baba yake alimkaripia, akajibu Kijerumani, tukabaki tunatazamana, hatujui kama tumetukanwa. Ilikuwa ni "samahani."

Mama yangu hupiga simu Jumapili. Ile Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa za huku zilirudishwa nyuma, tofauti yetu ikawa saa mbili badala ya moja, akapiga tukiwa bado tumelala. Nilipomweleza akakasirika: "Nani kawapa ruhusa? Jua limeambiwa?" Tangu siku hiyo mama hatuamini tena. Kila akipiga anaanza kwa kuuliza saa, ndipo shikamoo ifuate, na shikamoo yenyewe lazima nimkumbushe mtoto kwa kumfinya.

Jumapili iliyopita mkubwa ndiye aliyepokea.

"Saa ngapi huko, mjukuu wangu?"

Akainua macho ukutani. "Saa mbili kasorobo, bibi."

"Ya kwenu au ya kwetu?"

Akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia. "Mama," akanong'ona, "ya kwetu ni ipi?"