Mbuzi ya nazi

Jumapili nilikuwa nakuna nazi, mwanangu kachuchumaa pembeni. "Mama, hii nayo ni mbuzi?" Nikamjibu: sikiliza, hii ni mbuzi ya nazi, yule ni mbuzi wa bibi. Ukisikia "ya", hachinjwi. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki na kifuu mkononi.

Kazini nilikuwa natengeneza mti wa magonjwa, wanaouita ontolojia: wa kuieleza programu kipi ni aina ya nini, ili nayo imshauri mtabibu wa zahanati. Maneno yalikuwa mengi, nami nina haraka. Nikaona kisukari cha mimba kimekaa vizuri chini ya kisukari, basi nikaandika kanuni: chochote "cha mimba" kiwe mtoto wa neno linalokitangulia, kirithi na dawa zake. Nikatoka kwenda kula chipsi.

Siku ya majaribio akaja mkunga mmoja, mtu mzima, karibu kustaafu. Akaingiza mgonjwa wa kubuni: mimba ya wiki 34, presha 170 kwa 110, ametukutika mara mbili. Kwenye ugonjwa akachagua "kifafa cha mimba", yaani degedege la presha ya ujauzito, akabonyeza. Kioo kikajibu: aanze kabamazepini, dawa ya kifafa cha kawaida, arudi kliniki baada ya wiki mbili.

Hakucheka. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la sare, akaivaa, akasoma upya huku kidole kikipita chini ya kila neno. Feni inalia juu yetu. Wenzangu wote ghafla wana kazi kwenye simu zao.

"Mwanangu, sindano ya magnesiamu iko wapi? Na huyu mtoto anazaliwa lini?"

Nikaanza kueleza habari za kurithi. Akaniacha nimalize, maskini.

"Wiki mbili? Huyu mama yenu ameshakufa."

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwepo kwenye faili lile lile, safu ya pili: kifafa G40, kifafa cha mimba O15, sura mbili tofauti za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa. Kanuni yangu haikutazama huko, ilitazama jina. Kuirekebisha hakukuchukua dakika kumi. Kupitia mengine yote moja moja kulinilaza ofisini.

Mwanangu sasa anapita nyumba nzima akijaribu "ya" na "wa" kwa kila kitu. Sijamwambia kwamba kisukari na kifafa vyote husema "cha".