Subaru yako inanguruma sawa, ila inasimama?

Wakuu habari za wikiendi. Kila nikikaa kidogo lazima mtu anifuate inbox, "bro nina Forester XT ya 2005, niweke nini iongeze nguvu?", na mimi kila mara namrudishia swali, tairi zako za mwaka gani? Kimya. Au anajibu "mpya tu kaka, nimefunga juzi". Kufunga juzi sio upya. Inama hapo ubavuni kwenye tairi tafuta yale maandishi yanayoanza na DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne, ukikuta 2316 ujue limetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016, limekaa stoo, limekaa juani, mpira umekuwa mgumu kama soli ya kiatu cha jeshi halafu juu yake ndo unataka uongeze farasi hamsini. Ukimaliza hapo angalia na ile herufi ya mwisho kwenye saizi. T ni mwisho kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Jamaa ana T chini halafu anasimulia alivyomaliza mshale wa deshibodi.

Sasa msinielewe vibaya, sipingi kumodifai, hata mimi ninayoendesha sio ya kiwandani tena. Shida yangu ni moja, mjini hapa watu wengi wananunua sauti wanadhani wamenunua nguvu, na vitu vinavyofanya gari iende na irudi nyumbani karibu vyote havina sauti, ndo maana hakuna anayevipiga picha.

Tuanze na huo mngurumo wenyewe. Ule mdundo wa Subaru wa kizamani watu wanadhani unakuja kwa sababu injini ni boksa tu, yaani pistoni zimelala kulia na kushoto, sio kweli, unakuja kwa sababu mabomba yanayotoa moshi upande wa kulia na wa kushoto hayalingani urefu, moshi unafika kwenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, kwa mapigo yasiyopangika, ndo unasikia ile dugudugu. Legacy ya Japan ile BP5 ya GT, iliyoanza 2003, ina turbo ya twin scroll, yaani yenye njia mbili za kuingizia moshi, na mabomba yaliyopangwa vizuri zaidi, kwa hiyo haingurumi sana, na hiyo ni faida, turbo inaamka mapema. Kijana anaagiza gari Japan, anasubiri meli mpaka anachoka, inafika Dar anawasha anasikitika, mbona haipigi? Anaipeleka gereji inang'olewa mfumo wa watu waliosomea, inachomelewa mabomba ya kwetu, turbo inachelewa kuamka, gari imepungua nguvu huku chini lakini mtaa mzima unajua amefika. Amelipa hela ili gari iwe nzito kuondoka. Basi.

Ule mlio wa "pshhh" ukiachia pedo ya mafuta nao ni hivyohivyo. Gari hizi zina sensa inayopima hewa inayoingia, kompyuta inamwaga petroli kulingana na hewa iliyopimwa, na ukiachia mafuta ile hewa ya ziada kutoka kwenye turbo inarudishwa ndani ya mfumo. Ukifunga vali ya kuitupa nje, hewa imeshapimwa na petroli yake imeshamwagwa lakini yenyewe haipo, unachoma petroli nyingi kuliko hewa kwa sekunde hiyo, plagi zinakuwa nyeusi, huku nyuma unaona moshi. Sauti tamu, sikatai.

Halafu kuna hii ya ekzosi kupiga risasi, pa pa pa ukiachia mafuta, hii ndo inaniuma. Mnajua ilikotoka? Kwenye rally, gari za WRC, ubingwa wa rally wa dunia, za miaka ile zilikuwa zinalazimishwa kupumulia kwenye kitundu cha milimita 34 kabla ya turbo ili nguvu isizidi, timu zikaona turbo ikipoa kwenye kona inachelewa kuamka, wakachelewesha moto wa plagi na kumwaga petroli ili iungulie kwenye bomba na kuendelea kuzungusha turbo hata mguu ukiwa juu. Ilifanya kazi, na ilikuwa inaua turbo, lakini wao walikuwa na turbo nyingine kwenye lori na mafundi wa kuibadilisha kwa dakika chache. Wewe lori lako liko wapi? Wewe hata hicho kitundu cha 34 huna, hakuna ugonjwa unaoutibu, unachoma vali za kutolea moshi na feni za turbo ili watoto wa pale kituo cha daladala wageuke.

Na kama tunapenda rally kweli basi tuangalie walichofanya waliokuja kushinda huku kwetu. Safari Rally ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo ni mbio zetu pia hata kama siku hizi ziko Naivasha. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda na Impreza 2000. Tafuta picha za zile gari. Utaona bomba la kupumulia limepanda mpaka juu ya paa kwa ajili ya maji na vumbi, ngao mbele, taa za ziada, na ambacho hakionekani kwenye picha ni kwamba gari ya Safari ilikuwa inafanywa nzito na ngumu kuliko ile ya Ulaya, shokapu zenye safari ndefu, chuma kimeongezwa chini. Kampuni yenye bajeti ya dunia nzima ilipokuja Afrika iliongeza uzito ili gari imalize. Sisi tunashusha springi mpaka gari inakwangua matuta ya Mbezi halafu tunabandika stika ya rally.

Haya nguvu sasa. BP5 GT manyuo, ya gia za mkono, ilitoka kiwandani na farasi 280, ya oto 260, kutoka kwenye cc 1994. Hiyo 280 sio bahati, makampuni ya Japan yalikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya hapo, tangu 1989 mpaka 2004. Kwa barabara zetu 280 ni nyingi sana, na kitu ambacho watu wanasahau ni kwamba kompyuta ya gari ya Japan ilipangwa kwa petroli ya Japan, ile ya bei juu kule inauzwa kama oktane 100, yaani kipimo cha petroli kuvumilia presha bila kulipuka yenyewe. Ya kwetu haifiki hapo. Maana yake hata kabla hujagusa chochote gari yako inafanya kazi na mafuta ambayo hayakuwa kwenye hesabu.

Oktane ndogo ukiongezea presha ya turbo, petroli inalipuka yenyewe kabla au nje ya wakati wake, pistoni bado inapanda na inapigwa nyundo kichwani. Sensa inasikia, kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili kuokoa, unapoteza nguvu bila kujua. Ukizidisha, ile sehemu nyembamba ya pistoni inayoshikilia ringi inavunjika, na kwenye EJ, injini za Subaru za aina hii, anayelalamikiwa sana ni silinda namba nne. Dalili ni gari kula oili, moshi wa bluu, compression ya silinda moja iko chini, halafu mtu anaambiwa na fundi "hii badilisha plagi tu bosi".

Kwa hiyo ukipiga rimapu, yaani kupanga upya kompyuta ya injini, hakikisha imepigwa kwa petroli unayonunua wewe kwenye sheli yako, gari ikiwa barabarani au kwenye mashine ya kupimia nguvu, na sensa ya kupima mchanganyiko imefungwa kwenye ekzosi, anayerekebisha anaangalia mapigo ya nje ya wakati silinda kwa silinda. Faili lililopakuliwa mtandaoni la gari ya Uingereza halijui sheli yako wala joto la Dar la mwezi wa pili. Anayekuambia "lete elfu hamsini nakupandishia sasa hivi hapa parking", muage vizuri.

Joto hilo nalo ni stori. Intakula ya BP5, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, iko juu ya injini, chini ya kile kitundu cha boneti, ukiwa unatembea inapata upepo, ukikaa foleni ya Mwenge nusu saa imeiva, mara mbili za kwanza ukikanyaga baada ya foleni injini inavuta hewa ya moto. Wanaohamishia mbele wana sababu, ila ongeza na mabomba marefu na rimapu mpya kwenye bajeti, sio unafunga unaondoka. Na wa mikoani, Iringa na Mbeya hewa ni nyepesi, turbo inalazimika kuzunguka haraka zaidi kuleta presha ileile, gari inaonekana haina shida kumbe turbo inateseka.

Oili sasa. Hapa naomba mnisikilize. Injini ya boksa imelala, pistoni zinaenda kulia kushoto, ukiingia kona ndefu kwa kasi oili kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, inakimbilia upande mmoja, ikiwa kiwango kilishashuka pampu inavuta hewa, hapo beringi za krenkshafti zinakwenda na unaanza kusikia ko ko ko ambayo haitibiki kwa nyongeza ya kwenye chupa. Vuta stiki kila ukijaza mafuta. Kila ukijaza, sio kila sevisi. Nunua oili mahali unapopaamini kwa sababu feki zipo tele, na turbo inaishi kwa oili hiyohiyo. Tabo taima, kile kifaa kinachoacha injini iendelee kuwaka kidogo baada ya kutoa ufunguo, sikuzuii kufunga, ila turbo hizi zina na maji ya kupoozea, ukiendesha taratibu kilomita mbili tatu za mwisho kabla ya nyumbani umeshamaliza kazi bila kununua kitu.

Breki nimeziacha mpaka hapa makusudi maana ndo kitu watu wanaruka. Mafuta ya breki yanakunywa maji ya hewani, na Dar hewa ni maji. Kwa viwango, DOT 3 mpya inatakiwa ivumilie mpaka nyuzi 205 kabla ya kuchemka, ikishanywa maji inashuka mpaka 140, DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, unakanyaga pedo inaenda mpaka chini na gari haijasikia. Nenda kashuke mlima wa Kitonga na gari imejaa ndugu na magunia ya viazi, umekanyaga breki tangu juu badala ya kushusha gia, utanielewa. Mafuta mapya, kutoa upepo magurudumu yote, pedi nzuri, diski zilizonyooka. Yote hayo kwa pamoja ni bei ya chini kuliko ile ekzosi ya titani ya kichina na ndo yatakayokupa ujasiri wa kutumia hizo farasi ulizonazo tayari.

Kuzitumia wapi? Sio Bagamoyo Road saa nane usiku. Mnajua ninachoongelea, lami ni mkeka, hakuna tochi, mnapanga magari mawili, halafu anatokea bodaboda bila taa au ng'ombe wa mtu pale Bunju. Hapo hata uwe na mguu wa McRae huna pa kwenda. Tanzania kuna klabu za motorsport, chama kinachotambulika na FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ni AAT (Automobile Association of Tanzania), rally zinafanyika Iringa, Morogoro, Arusha, Tanga, na kuna autokrosi ambazo mtu wa kawaida na gari yake ya kwenda kazini anaweza kuingia. Mkiwa Nairobi kuna Jamhuri Park. Autokrosi ni gari moja moja na saa, kwenye vumbi, kasi sio kubwa, na nakuhakikishia kona tatu za kwanza zitakufundisha kwamba tatizo halikuwa farasi. Utakaguliwa kabla: betri imefungwa isirukeruke, hakuna jeki inayozurura buti, mkanda, kizimamoto, ndoano ya kuvutia. Wengi wanatolewa kwa sababu ya betri, aibu.

Helmeti, usije na ya bodaboda. Za magari zina alama ya Snell SA, mfano SA2020, tofauti yake na M ya pikipiki ni kwamba SA inapimwa kwa moto na kwa kugongwa mara kwa mara kwenye chuma cha keji, yale mabomba yanayofungwa ndani ya gari ili paa lisiporomoke, kwa sababu ndicho kitakachokuwa karibu na kichwa chako.

Na hapo kwenye keji ndo kuna ugomvi wetu wa kila siku kwenye kundi. Jamaa amefunga keji kamili kwenye Impreza yake ya barabarani, haijavishwa hata sponji, anaenda nayo ofisini bila helmeti. Keji imetengenezwa kwa mtu aliyevaa helmeti na kufungwa mikanda ya pointi sita. Bila hivyo, hata ajali ndogo ya kwenye mataa bomba lile liko sentimita chache tu na fuvu lako. Na kinyume chake, mikanda ya pointi sita bila keji nayo ni balaa, gari ikipinduka paa likashuka wewe umebanwa wima, huwezi hata kuinama pembeni. Vitu hivi vinaenda seti: keji, kiti, mikanda, helmeti. Kama gari ni ya kwenda kazini, acha mkanda wa kiwandani na mifuko ya hewa vifanye kazi yake, wahandisi walishavihesabia pamoja.

Wa Forester wenye oto nyie nawaandikia peke yenu, gia boksi ile ikipata joto ina mambo yake na nimeshaona maswali manne yanafanana. Nitumieni picha za oili ya gia boksi ikiwa kwenye karatasi nyeupe, nianze nazo.