Namna tulivyoanzisha kituo cha mafunzo ya uchanaji mbao kwa ubia mkoani Njombe

Nilipokubali ukatibu wa umoja wa wachana mbao katika halmashauri moja ya mkoa wa Njombe, jambo lililokuwa likinisumbua lilikuwa unene wa mbao zetu. Ubao tuliouuza kama wa inchi moja niliupima mwanzo nikapata milimita 22, katikati 26, na mwisho 31. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam akiuona ubao wa namna hiyo hahitaji maneno mengi, anashusha bei tu. Wengi wetu tunatumia mashine za msumeno wa duara, zile tunazoziita dingdong, ambazo hubebwa hadi shambani na kufungwa palepale magogo yalipoangukia. Ni kweli kwamba msumeno wa duara ni mnene na hugeuza mti mwingi kuwa unga kuliko msumeno wa mkanda, lakini kadiri nilivyozidi kuzunguka mashambani ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sehemu kubwa ya hasara ilitokana na kukosa mafunzo: meno yaliyonolewa kwa kukadiria, reli iliyofungwa kwa macho, na kijana aliyejifunza kazi kwa kumtazama mwenzake, ambaye naye alijifunza kwa kumtazama mwingine. Wenzetu wa Mufindi wana Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Sisi huku magogo yetu mengi hutoka katika vishamba vya watu binafsi, hukatwa yakiwa bado membamba, na gogo jembamba halimvumilii fundi mzembe.

Jaribio letu la kwanza lilishindwa, na nalieleza kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi. Halmashauri ilikuwa na karakana iliyokaa bila kazi, sisi tulikuwa na wanachama wenye viwanda, na kila upande uliona mwenzake ndiye mwenye kitu. Tulitia saini hati ya makubaliano ya kurasa tatu, tukapaka jengo rangi, tukamwalika mgeni rasmi. Kampuni moja iliyoahidi msumeno wa mkanda ilileta mashine isiyo na vishikizo vya mkanda, na nadhani ilikuwa imeshafutwa katika vitabu vyake. Kwa miezi minane wanafunzi walijifunza majina ya sehemu za mashine ubaoni. Nilipoirudia ile hati nikagundua kwamba kurasa zote tatu zilizungumzia jengo, uzinduzi na nembo, na hapakuwa na neno lolote juu ya magogo, dizeli wala tupa za kunolea. Hatukuwa tumedanganywa na mtu, tulikuwa tumeandikiana mambo yasiyofundisha.

Kabla ya kurudi mezani nilisoma namna wengine walivyofanya. Nchini Brazili, SENAI, taasisi ya kitaifa ya mafunzo ya ufundi wa viwandani iliyoanzishwa mwaka 1942, huendeshwa na mashirikisho ya wenye viwanda wenyewe kwa mchango wa asilimia 1 ya mishahara. India, kuanzia mwaka 2007, ilichukua vyuo 1,396 vya serikali vya mafunzo ya ufundi na kuviweka chini ya kamati za usimamizi zinazoongozwa na mshirika kutoka viwandani, huku kila chuo kikipewa mkopo usio na riba wa hadi rupia milioni 25. Fedha za namna hiyo hatukuwa nazo na sikuzitamani sana. Nilichokichukua ni wazo la kiti: kwamba anayeajiri ndiye awe mwenyekiti, na serikali ibaki na jengo, usajili na mitihani.

Wazo hilo lilipokelewa vizuri na halmashauri kuliko lilivyopokelewa na wanachama wangu. Waliokuwa na wafanyakazi wengi walisema, na hawakukosea, kwamba tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile iliyokuwa asilimia 6 ya mishahara, ikashuka hadi 5 mwaka 2013 na kufika 3.5 mwaka 2023. Kwa nini wachangie mara mbili? Jibu nililipata nilipokaa na orodha ya wanachama. Tangu mwaka 2021 tozo hiyo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi, na wengi wetu tuna watu sita au saba kwenye mashine moja. Kwa hiyo waliokuwa wakilalamika kwa sauti kubwa kuhusu tozo walikuwa wachache wanaoilipa, na waliokuwa wakiitikia nyuma yao hawajawahi kuilipa. Nilisoma orodha hiyo mbele ya mkutano, jina kwa jina, kwa upole. Sipendekezi njia hii kwa kila mtu, lakini mjadala wa tozo uliishia siku hiyo.

Kizuizi cha kweli kilikuwa kingine, na aliyekitamka ni mzee mmoja mwenye mashine tatu, mtu wa heshima kwetu sote. Nilimfuata nyumbani kwake asubuhi ya Julai, ukungu bado haujapanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye moto. Najua ulichokuja nacho, na nakwambia mapema kwamba sikatai mafunzo. Lakini nikimfundisha kijana kunoa msumeno, mwezi ujao jirani yangu atamwongezea elfu mbili kwa siku na atahama. Mimi nitakuwa nimemsomeshea jirani."

"Na jirani akichangia sawa na wewe, mzee?"

Alinyamaza, akasogeza banzi motoni. "Hapo sasa tunazungumza."

Kutokana na mazungumzo hayo tulipata kifungu ambacho naamini ndicho kiliushika mkataba wote. Kila mwanachama huchangia kwa idadi ya mashine zake, awe na mwanagenzi kituoni au asiwe naye. Kijana yuko huru kufanya kazi anakotaka. Na mwanachama yeyote anayeajiri mhitimu kabla ya kutimiza michango yake ya mwaka hulipa mchango huo wote kwa mkupuo. Tulikataa kabisa kumfunga kijana kwa mkataba wa miaka, ingawa wawili kati yetu waliutaka, kwa sababu kijana aliyefungwa hutoroka usiku na hapo mnakosa vyote viwili.

Kuhusu sura ya kisheria sitasema mengi. Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2010 ndiyo iliyotupa lugha ya kuzungumzia mgawanyo wa wajibu na hasara, lakini kwa jambo dogo kama letu mwanasheria wa halmashauri alitushauri tuanze na mkataba wa pango la karakana na mkataba wa ushirikiano wenye viambatisho. Viambatisho vilizidi mkataba kwa urefu, nami nilifurahi. Cha kwanza kilitaja magogo: nani analeta, ya kipenyo gani, mangapi kwa wiki. Cha pili kilitaja saa za mashine. Cha tatu kilitaja tupa, dizeli, miwani na viatu vya usalama, pamoja na nani anamgharimia mwanagenzi akikatwa kidole.

Cha nne kilituchukua majuma matano peke yake: mbao zinazochanwa na wanafunzi ni mali ya nani? Sisi tulidhani ni dhahiri kwamba zitauzwa na fedha zitanunua dizeli. Mhasibu wa upande wa pili alituonyesha, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuhojiwa na wakaguzi, kwamba kitu kinachouzwa ndani ya jengo la umma ni mapato ya umma, na mapato ya umma hupokelewa kwa ankara yenye kontrol namba, yaani namba ya kulipia serikalini, hata kama ni mabanzi ya kuni. Mwishowe tuliandika kwamba magogo ni ya mwanachama aliyeyaleta na hubaki yake hata yakiwa mbao, kwamba mwanachama huyo hulipa kituo ada ya kuchaniwa, na ada hiyo hupita kwenye kontrol namba na kurudi kituoni kama fungu la vifaa vya mafunzo. Inasikika kama mzunguko mrefu, na ni mrefu kweli, ila tangu hapo dizeli haijawahi kukosekana kwa zaidi ya siku mbili.

Ratiba nayo tuliikosea mara ya kwanza. Tuliiga mfumo pacha wenye asili ya Ujerumani, siku tatu kiwandani na siku mbili kituoni, tukasahau kwamba dingdong haikai mahali pamoja. Ilipofika Januari mashine zilikuwa ndani kabisa ya mashamba, barabara zimegeuka tope, na mwanagenzi alikuwa akitumia siku nzima kutembea kwenda darasani. Tukabadilisha: wakati wa kiangazi wanagenzi hukaa kazini majuma sita mfululizo na kuja kituoni majuma matatu; wakati wa masika, magari yanaposhindwa kutoa mzigo na viwanda vyenyewe vimepoa, kituo ndipo kinapojaa. Kwa mwajiri, kumtoa kijana mwezi Februari si hasara, na hilo lilitusaidia kuliko hotuba yoyote kuhusu umuhimu wa elimu.

Usajili uliendeshwa kupitia NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ambalo tangu mwaka 2021 majukumu yake yanagusa pia ufundi stadi, na tulifuata mtaala wa umahiri badala ya kutunga wetu. Tuliongeza kitu kimoja tu: mtihani wa vitendo husimamiwa na mchana mbao mmoja asiye na mwanagenzi katika kundi hilo. Mtahiniwa hupewa msumeno butu, tupa na chombo cha kupangia meno. Akimaliza, anachana ubao mmoja, nao unapimwa mahali patano kwa kipimio. Tofauti ikizidi milimita mbili, anarudia. Mwaka wa kwanza walirudia wengi, akiwemo mtoto wa mwenyekiti.

Bado tuna mzigo wa mishahara ya walimu wawili, ambao mkataba uliwaweka upande wetu bila kusema nini kitatokea bei ya mbao ikianguka, na ilipoanguka tulichangishana kama kwenye msiba. Kifungu hicho ndicho tunachokiandika upya sasa. Katika kikao cha wiki iliyopita mzee wa mashine tatu alifika akiwa amebeba msumeno wake mkubwa umefungwa kwa gunia, akauegemeza ukutani, akasema anataka wanafunzi waunoe kwa malipo kwa sababu fundi wake ameshindwa. Kisha akatoa miwani mfukoni na kuomba kontrol namba.